Mwindaji wa Kale Hakuhesabu Vichwa

Naomba nianze makala haya kwa kukiri kosa. Miaka miwili iliyopita niliketi katika jopo la kutathmini mapendekezo ya miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika chuo kimojawapo cha huku Nyanda za Juu Kusini. Sitakitaja, kwa kuwa jambo nitakalolisimulia lingeweza kutokea katika chuo chochote nchini. Mimi si mtu wa kompyuta. Taaluma yangu ni sayansi ya siasa, na nilialikwa katika jopo lile ili nipime kile ambacho fomu zetu hukiita "tija kwa jamii". Mwanafunzi wa nne kuingia alikuwa kijana mzaliwa wa Iringa, mwenye daftari la michoro kwapani. Alitaka kutengeneza mchezo wa kompyuta, au gemu kama wasemavyo vijana, ambamo mchezaji huvaa uhusika wa mwindaji wa zama za kale. Mchezaji angeanzia katika makorongo ya Isimila, ajifunze kuchonga jiwe, afuate nyayo za wanyama kuteremka bonde la Usangu, apande mpaka kwenye baridi ya Kitulo, na hatimaye afike Rungwe, enzi mlima ule ukingali unatema moto.

Jopo lilimsikiliza kwa dakika kumi. Mwenzangu wa kwanza akauliza nani atanunua kitu hicho. Wa pili akauliza, kwa uso mkavu, kama serikali haitaona kwamba chuo kinafundisha ujangili. Wa tatu akataka kujua kama yule mjusi mkubwa wa Tendaguru naye atakuwamo, na sote tukacheka, ingawa kila mmoja wetu alijua kwamba mijusi ile iliishi Lindi miaka milioni 150 iliyopita, kabla hata mababu wa mababu wa binadamu hawajawaziwa. Kisha ikaja zamu yangu. Niliuliza swali nililotumwa kuuliza: tija yake kwa jamii ni nini? Kijana akajibu kwa sentensi moja. "Dokta, watoto wa kwetu wanamjua tembo wa manyoya wa huko kwenye barafu, lakini hawaijui Isimila." Hakuna aliyeandika jibu lile. Tulimshauri akatengeneze mfumo wa kusimamia maktaba, ambao ulikuwa mfumo wa tatu wa kusimamia maktaba kupitishwa asubuhi ile. Akautengeneza, akapata alama B, akahitimu.

Jambo hili lingekwisha hapo lau nisingesafiri kwenda msibani Iringa mwezi Julai. Msomaji aliyewahi kupita barabara kuu ya Mbeya hadi Iringa anakijua kibao kilicho umbali wa kilometa kama 20 kabla ya kuingia mjini, kinachoelekeza Isimila. Nimekipita kibao kile tangu nikiwa mwanafunzi, nadhani zaidi ya mara hamsini, na sikuwahi kushuka. Safari hii, wakati wa kurudi, nilishuka. Si kwa sababu ya utafiti. Jibu la yule kijana lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Isimila ni mahali pa ajabu ya kimya. Kuna nguzo ndefu za udongo uliochongwa na mvua na upepo, lakini nguzo hizo si habari yenyewe; habari iko chini, miguuni. Palikuwa na ziwa dogo hapo zamani, na kandokando yake waliishi viumbe wa jamii yetu waliotengeneza mashoka ya jiwe yasiyo na mpini, yenye umbo la jani au la tone la maji, mengine yakizidi sentimeta 30 kwa urefu. Vipimo vya urani vilivyochapishwa katika miaka ya 1970 viliyapa mashoka hayo umri wa takriban miaka 260,000. Katika matabaka hayo kumeonekana pia mabaki ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya fuvu kiasi kwamba angeweza kukutazama huku mwili mzima umezama.

Kuna jambo dogo kuhusu Isimila ambalo ningetamani wajumbe wote wa lile jopo walijue. Mashoka yale hayakutambuliwa kwanza na profesa. Mwaka 1951 yaliokotwa na mwanafunzi, kijana kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita njia, na ndipo wataalamu wakaanza kuvutiwa, hata mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago akaja kufukua. Wenyeji walikuwa wameyakanyaga mawe yale vizazi na vizazi. Na sisi, baada ya miaka zaidi ya sitini ya uhuru, tumeyaweka katika somo la Historia la kidato cha kwanza kama jibu la swali: "Taja maeneo mawili ya Zama za Mawe yanayopatikana Tanzania." Mwanafunzi hujaza Olduvai na Isimila, hupata alama zake mbili, na mlango hufungwa.

Sasa nenda Mwanjelwa jioni, au Miyomboni pale Iringa, uingie katika vibanda ambamo watoto hulipa shilingi mia chache kushika kidude cha PlayStation. Wengi watakuwa wanacheza mpira wa Ulaya. Lakini wapo wanaocheza michezo ya historia, na hapo ndipo mtu wa sayansi ya siasa anapopaswa kuvua miwani ya dharau na kutazama vizuri. Mwaka 2016 kampuni ya Ubisoft ilitoa mchezo uitwao Far Cry Primal, ambao mchezaji wake ni mwindaji wa mwaka 10,000 kabla ya Kristo katika bonde la kubuni la Ulaya ya Kati. Kampuni iliajiri wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Kentucky wawaundie wahusika lugha nzima, kwa kukisia jinsi mababu wa lugha za Kihindi na Kizungu walivyosema. Fikiria heshima hiyo: mtu wa kale wa Ulaya alistahili kupewa sarufi. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Panache ya mjini Montreal ikatoa Ancestors, mchezo unaotokea Afrika, kuanzia miaka milioni kumi iliyopita. Huo nao ni mchezo uliofikiriwa kwa makini, sina ugomvi nao. Lakini mhusika wake ni nyani anayejifunza kusimama. Ukiiweka michezo hii miwili mezani, mtoto anapokea ujumbe ambao hakuna aliyekusudia kuuandika: Afrika ni mahali tulipokuwa wanyama, na Ulaya ni mahali tulipokuwa watu. Naijua michezo inayotokea Misri ya mafarao, nayo ni mizuri. Ila Misri imekuwa ikisimuliwa siku zote. Tatizo langu ni huku kusini mwa Sahara, ambako msimulizi akimaliza habari za nyani huruka moja kwa moja mpaka kwenye msafara wa mtumwa.

Kwa hiyo kijana yule alikuwa na haki, nasi tulikosea. Lakini kukiri kosa letu hakunilazimishi kusema kwamba mchezo wake haukuwa na kasoro. Ulikuwa nazo, na moja kati ya hizo ni kubwa, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kasoro ndogo ni za historia. Shujaa wake alimpa jina la Mkwawa. Wabantu, na Wahehe wakiwamo, ni wageni wa juzi katika nyanda hizi tukilinganisha na mwindaji wa Isimila. Hata tukihesabu kwa ukarimu, hawajafikisha miaka elfu tatu. Mwindaji wa kale hakuwa Mhehe, hakuwa Msangu, hakuwa Mnyakyusa, na hakuwa na chuma. Tunapomvika ukabila tunafanya kile ambacho wanasiasa wetu hukifanya kila uchaguzi unapokaribia, yaani kuazima utukufu wa watu wasioweza kujitetea. Pia alimpa upinde na mshale mtu wa miaka 260,000 iliyopita, na sijui mwanaakiolojia yeyote ambaye angekubali. Hata neno "mwindaji" lenyewe lina mashaka kwa watu wa Isimila. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi iwapo watengenezaji wa mashoka yale waliua wanyama wakubwa wenyewe au mara nyingi waliwanyang'anya simba na fisi mizoga, na shoka la jiwe hutumika vizuri kuchuna ngozi, kuvunja mfupa na kuchimba mizizi kuliko kumrushia nyati. Binafsi naona mchezo wa kumnyang'anya simba nyama yake ungekuwa wa kutisha zaidi kuliko ule wa kumchoma swala mkuki, lakini hilo ni la watengenezaji.

Kasoro kubwa ilikuwa katika ukurasa mmoja wa daftari. Alikuwa amechora jedwali: swala pointi 10, nyati pointi 50, kiboko pointi 80, tembo pointi 200. Anayefikisha pointi elfu moja anakuwa mkuu wa kambi.

Siku ile sikuliona tatizo. Nililiona nikiwa nimeketi juu ya jiwe pale Isimila, nikijiuliza ni wapi nilipowahi kuliona jedwali kama lile. Nililiona katika nyaraka za ukoloni. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, amri iliyoweka leseni na ada, na tangu hapo, chini ya Wajerumani, Waingereza na sisi wenyewe, mnyama wa nchi hii amekuwa akiandikwa katika safu ya kushoto na bei yake katika safu ya kulia. Huo ndio uwindaji wa kichwa ukutani. Mwindaji wa namna hiyo hahitaji nyama. Anahitaji hesabu na ushahidi wa hesabu. Kijana wetu alidhani anamrejesha mwindaji wa kale, kumbe amemrejesha mzungu mwenye kofia ya jua na kumvua viatu.

Na tusisahau kwamba katika milima hii hii, katika miaka ile ile, jedwali la vichwa lilimhusu binadamu. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, na kwa miaka karibu minne wakamwinda Mtwa Mkwawa porini. Serikali ya kikoloni ilitangaza rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tafakari, msomaji wangu: swala pointi kadhaa, tembo pointi kadhaa, Mkwawa rupia 5,000. Watu wa vijiji alimopita walimlisha na kumficha, wakati rupia zile zilikuwa utajiri wa kubadili ukoo. Aliishia kujipiga risasi Mlambalasi mwezi Julai 1898, na fuvu linalotambuliwa kuwa lake likarudi Kalenga mwaka 1954 tu. Anayetaka kujua tofauti kati ya uwindaji wa kula na uwindaji wa kuhesabu ana mfano mmoja uliokamilika, kilometa kama 50 kutoka Iringa mjini.

Hapa nirudi kwa mwenzangu wa jopo na swali lake la ujangili, kwa sababu halikuwa swali la kipuuzi. Kiswahili chetu kina majina mawili kwa mtu anayeua mnyama porini. Mmoja ni mwindaji, mwingine ni jangili. Tofauti yao haiko katika mnyama, wala katika silaha, wala katika njaa. Iko katika karatasi. Sitetei ujangili. Magenge yaliyowamaliza tembo wetu kwa ajili ya meno hayakuwa ya wenye njaa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ina sababu zake za kuwapo. Hata hivyo, mtoto anayekulia pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha amelisikia neno jangili tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na hajawahi kuambiwa kwamba kuna maelfu mengi ya miaka ambapo uwindaji ulikuwa elimu, sheria, ibada na bima ya afya kwa pamoja. Amepewa neno moja tu la kumwita babu yake wa kale, nalo ni neno la kosa la jinai.

Je, mwindaji asiyehesabu vichwa anachezwaje? Hapa ndipo nilipotumia majuma kadhaa kusoma mambo yasiyo ya fani yangu, na wenzangu wa akiolojia wanisamehe nitakapoteleza.

Kwanza ningemshauri kijana aihame Isimila, aifanye kuwa mahali pa mizimu ambapo wahusika huyakuta mawe ya ajabu na kujiuliza nani aliyeyachonga. Hadithi yenyewe aiweke miaka kama 12,000 iliyopita, mwaka uleule wa kubuni waliouchagua wale wa Ubisoft. Wakati huo Mlambalasi ilikuwa tayari na watu kama sisi kabisa. Chini ya mwamba ule, jirani na mahali alipofia Mkwawa, timu ya watafiti iliyoongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, imefukua mabaki ya watu waliozikwa mwishoni mwa zama za barafu. Wamekuta vipande vidogo vya jiwe vya aina ambayo wanaakiolojia huihusisha na ncha za mishale, na wamekuta shanga zilizochongwa kutokana na ganda la yai la mbuni. Ziwa Rukwa lilijaa baadaye kidogo, mvua ziliporudi, likapanda zaidi ya mita 150 juu ya lilipo leo na kumwagikia Tanganyika. Rungwe ililipuka vibaya yapata miaka 4,000 iliyopita, ikamwaga majivu na mawe mepesi juu ya nchi yote hii inayolima viazi leo. Mchezo wenye sura tatu au nne ungeweza kuvuka vipindi hivyo vyote, na ramani yake isingehitaji kubuniwa, kwa kuwa ipo. Basi la Mbeya hadi Iringa hukatiza katikati yake kwa siku moja.

Pili, na hili ndilo kubwa, ningemwomba alifute jedwali. Nyama haina jokofu. Mtu aliyeua nyati katika jua la Usangu ana siku chache kabla ya nyama kuoza, kuibwa na fisi au kukaushwa kwa kazi kubwa. Ghala pekee analolimiliki ni tumbo la jirani ambaye kesho atakumbuka. Kwa hiyo anayeua sana na kugawa kidogo hatakiwi kuwa mkuu wa kambi. Anatakiwa, taratibu, kuanza kulala peke yake. Kipimo cha ushindi kiwe ni watoto wangapi wa kambi wameuona msimu wa mvua unaofuata. Hilo ni gumu kulitengeneza kuliko jedwali la pointi, nakubali, lakini ndilo lenye mchezo ndani yake, kwa sababu kila mara mchezaji atalazimika kuchagua ampe nani paja na nani ampe ubavu, na wote wawili wana kumbukumbu.

Hapa tunao walimu walio hai. Wahadzabe wa ukanda wa Ziwa Eyasi si mabaki ya kale. Ni raia wenzetu wa karne hii, wenye simu na wenye kesi za ardhi, na anayewatumia kama picha ya mtu wa kale anawakosea adabu. Lakini wapo miongoni mwao wanaoishi kwa kuwinda na kuokota hadi leo, na mambo mawili kuhusu maisha hayo yameandikwa na watafiti wengi. Mnyama mkubwa akiuawa, nyama huenea kambi nzima. Na kwa siku nyingi mwindaji wa wanyama wakubwa hurudi mikono mitupu, na kinachopikwa jioni ni mizizi iliyochimbwa na wanawake, matunda ya mibuyu na asali. Katika daftari la yule kijana mwanamke alikuwamo, amesimama mlangoni mwa pango akisubiri. Ningempa mwanamke huyo mti wa kuchimbia na nusu ya mchezo. Ningeweka hatua nzima ambamo uwindaji unashindwa kwa siku kumi mfululizo, na mchezaji asiyejua kusoma majani yanayoficha kiazi ardhini hafiki siku ya kumi na moja.

Kisha zile shanga. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Jennifer Miller na Yiming Wang uliolinganisha shanga zaidi ya 1,500 za ganda la yai la mbuni kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika, na kuonyesha kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu waliotenganishwa na maelfu ya kilometa walikuwa wakichonga shanga za mtindo uleule. Walijuana, au walijuana na waliojuana nao. Baadaye hali ya hewa ikabadilika na mtandao ule ukakatika. Ninaposoma habari hiyo sioni mapambo. Naona uhusiano wa mambo ya nje. Katika mchezo wa kawaida shanga zingekuwa sarafu ya kununulia mkuki bora. Mimi ningezifanya kuwa ahadi: umempa mtu wa Mlambalasi ushanga, na mwaka wa ukame mwanao akifika kwao na ushanga kama ule, anakaribishwa motoni. Usipompa mtu ushanga miaka ya neema, mwaka wa ukame huna pa kwenda.

Najua kuna atakayesema kwamba mhadhiri amekosa kazi. Nchi ina mashimo barabarani, wahitimu wanaendesha bodaboda, naye anatuletea habari za kiazi cha pangoni. Nitamjibu kwa habari ya jirani kabisa. Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008 liliipanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikameza Usangu, na tangu hapo mpaka huo umekuwa ugomvi usiokwisha kati ya mamlaka na vijiji vya Mbarali. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa dola milioni 150 wa kukuza utalii wa kusini. Aprili 2024 ikasimamisha fedha baada ya malalamiko ya wananchi kuhusu kuondolewa na kupigwa, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa. Pande zote mbili za ugomvi ule zina hoja. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na huwezi kulima mpunga, kulisha ng'ombe, kunywesha tembo na kuzalisha umeme wa Mtera kwa maji yaleyale bila mtu kulia. Sisemi kwamba watu waliozikwa Mlambalasi wamewaachia hati miliki wakulima wa mpunga wa leo, wala wafugaji waliohamia juzi. Hawakuwaachia. Lakini ugomvi mzima unaendeshwa juu ya picha moja, ile iliyomo katika vipeperushi vya utalii, kwamba bonde lile kwa asili ni pori tupu la wanyama na binadamu ndiye mvamizi. Picha hiyo si ya kweli. Mtu na kiboko wamekuwa pamoja katika nchi hii tangu kabla hatujawa watu kamili. Ni mara ngapi, katika vikao vya kuamua nani aondoke, mtu mmoja amelisema hilo kwa sauti?

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Kampuni ya Kiro'o ya Yaoundé, Kamerun, ilianza mwaka 2013 katika nchi isiyo na tasnia ya michezo hiyo, na kufikia 2016 ikatoa mchezo wake wa Aurion, sehemu ya gharama ikiwa imetokana na michango ya watu mtandaoni. Mwaka 2014 Wainupiat wa Alaska, kupitia baraza la jamii yao na kampuni moja ya michezo, walitoa Never Alone, uliosimuliwa kwa lugha yao na uliowaweka wazee wao ndani ya mchezo wakieleza mambo yao wenyewe. Hakuna aliyewaambia wakatengeneze mfumo wa maktaba. Sisi tunazo fedha za semina. Ningependa kuona posho za semina moja tu ya "uchumi wa kidijitali" zikipewa vijana watatu, mwanaakiolojia mmoja na bibi mmoja wa Kalenga anayejua majina ya mizizi.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule kijana. Sasa anatengeneza simu katika kibanda cha shemeji yake Mwanjelwa, na daftari analo bado. Nilimwomba radhi, akacheka kwa aibu ya mtu asiyezoea kuombwa radhi na mwalimu wake. Nikamweleza habari za jedwali, za rupia 5,000 na za shanga. Alisikiliza vizuri, kisha akanipinga. "Dokta," akasema, "mtoto aliyelipa mia tano yake pale kibandani anataka kushinda, tena ashinde kabla muda haujaisha. Ukimwambia agawe nyama asubiri mvua, atarudi kwenye mpira." Nikamwambia kushinda si lazima kuwe kuhesabu. Akaniuliza nimewahi kucheza gemu gani. Sikuwa na jibu. Tulibishana kwa karibu saa moja, wateja wakisubiri simu zao, na hatukukubaliana, isipokuwa kwa jambo moja: kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufika Mlambalasi. Tumepanga kwenda baada ya mitihani. Aliniuliza nauli itakuwa juu ya nani, nikamwambia ni juu yangu.